Tulimshangilia Wannes kwa Kuchelewa

Njia ya Kinu 14,
Oostrebeke,
Flandria Magharibi,
Ubelgiji.

Jumanne, 21 Machi 2023

Mpendwa mdogo wangu Godelieve,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba nyonga yako mpya imekubali kufanya kazi bila manung'uniko. Katika barua yako ya Januari ulisema daktari amekuruhusu kupanda ngazi lakini si kubeba kuni. Najua umebeba kuni. Nakuomba uache, au basi ubebe kidogo kidogo, na usimwambie binti yako kwamba nilijua.

Je, theluji imeyeyuka huko Ontario? Sisi mwaka huu hatukuiona kabisa. Tumepata mvua, na upepo wa kutoka baharini ambao haujapumzika tangu Krismasi. Mimi sijambo. Goti la kushoto huniuma mvua ikikaribia, yaani huniuma kila siku. Nina miaka sabini na sita na mchana bado nasoma bila miwani, kwa hiyo sina haki ya kulalamika.

Mboga zangu za liki zimestawi na nimegawia nusu ya mtaa. Paa la kanisa limekwisha kuezekwa, na padri sasa anahubiri bila kutazama juu. Mtoto wa kaka yetu, Geert, bado anaendesha lori kwenda Hispania, wiki mbili njiani na siku nne nyumbani. Mkewe Marleen bado yuko jikoni pale shuleni, na bado ananiletea supu kila Alhamisi kana kwamba sijui kuchemsha maji.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Huenda binti yako ameshaiona kwenye simu: mtoto wao Wannes, mjukuu wa marehemu kaka yetu Achiel, ameshinda. Ameshinda Tuzo Kuu ya Ledebeke juzi Jumapili, katika mkimbio wa mwisho, mbele ya watu watano ambao hulipwa ili washinde mikimbio kama ile. Ni ushindi wake wa kwanza katika miaka tisa ya kuendesha baiskeli kwa mshahara. Lakini simu itakuonyesha matokeo tu. Haitakuonyesha yaliyotokea katika Baa ya Kinu kati ya saa kumi na moja kasoro dakika nane na saa kumi na moja na nusu. Mimi nilikuwepo, na nitakueleza kwa mpangilio.

Kazi ya Wannes unaijua, ila naiandika wazi ili wajukuu zako waelewe utakapowasomea. Katika timu yao mtu wa kushinda ni Lander Coucke, kijana wa Hulsterhout, kilomita nne kutoka hapa. Wannes ni mkata upepo wake. Katika kilomita ya mwisho Wannes hutangulia, Lander hujificha nyuma ya gurudumu lake, na Wannes huendesha kwa nguvu zote alizonazo mpaka zibaki mita mia mbili. Hapo hujitoa pembeni, na Lander humpita kwenda kuchukua maua. Wannes humaliza wa kumi na tano au wa thelathini, akitapika. Lander ameshinda mara kumi na tisa kutoka nyuma ya mgongo wa mtoto wetu. Sheria ya kazi hiyo ni moja tu, nayo haijaandikwa popote: mkata upepo havuki mstari mbele ya mtu wake.

Ongeza jambo hili. Baa ya Hulsterhout ilifungwa mwaka jana baada ya mwenyewe kuugua, kwa hiyo mashabiki wa Lander wamehamia kwetu Baa ya Kinu, kwa Rosanne. Wao hukaa upande wa dirisha. Mashabiki wa Wannes hukaa upande wa ukuta, chini ya picha. Mwenyekiti wetu ni Firmin, yule fundi paa anayefuga njiwa wa mashindano. Kichwa cha upande wao ni Gilbert, mwenye bucha, baba yake Lander. Watu wa pande zote mbili husema wanapatana, na hupatana kweli, kwa sababu mpaka Jumapili mshindi alikuwa mmoja na ilijulikana ni nani.

Ule ukuta unaukumbuka. Picha sasa ni thelathini na moja, za kila mwendeshaji wa kijiji aliyekula mkate kwa miguu yake tangu 1931. Desturi yake wewe na mimi tunaijua kuliko wengi: mtu akitenda aibu barabarani, picha yake hugeuzwa uso ukutani, na haigeuzwi tena mpaka walioumizwa wakubali. Ya Achiel iligeuzwa Julai 1967, jioni ile alipomruka kiongozi wake pale Hulsterhout kwa ajili ya kikombe na paja la nguruwe. Nilikuwa mwandishi mpya wa gazeti, nimesimama mita kumi kutoka mstarini, na sikuweza kuandika kinyume na macho yangu. Kaka yetu alimwona mtu wake, akajua, akapita. Mama hakunisemesha mpaka Krismasi. Wewe ulikuwa ukienda kila Jumamosi kupangusa vumbi nyuma ya picha, kwa vile mbele hukuruhusiwa kugusa. Ulipopanda meli mwaka 1974 ilikuwa bado imegeuzwa. Iligeuzwa kutazama watu tena mwaka 1976, na timu haikuwahi kumpa mkataba mwingine.

Haya, Jumapili. Mvua ilikuwa inanyesha, baa imejaa, makoti yananuka kama mbwa. Marleen alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la makaa. Haachi kuja, lakini kilomita tatu za mwisho hutazama meza. Tangu lile anguko la miaka minne iliyopita, lililomvunja Wannes mtulinga na mbavu nne, yeye huuliza swali moja tu, na jirani yeyote humjibu.

"Yuko wima?"

"Yuko wima, Marleen."

Zikiwa zimebaki kilomita mbili, Gilbert alisimama. Husimama kila mara, na hushika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu kanisani. Kilomita moja: Wannes yuko wa tano, Lander yuko nyuma yake. Mita mia sita: Wannes yuko mbele, kichwa chini, na nyuma yake Lander, na nyuma ya Lander Mdachi mmoja mrefu. Ilikuwa kazi safi. Nimetazama mikimbio ya mwisho kwa zaidi ya nusu karne, na nilijiambia kwamba Lander ameshashinda, niagize kahawa.

Mita mia nne, kuna kona ya kushoto. Walipotoka pale, kamera ilikuwa mbele yao, na kutoka mbele huoni kinachotokea nyuma. Niliona Wannes akichungulia chini ya kwapa lake. Kisha akachungulia tena. Ndipo akakaza mwendo. Mita mia mbili zikafika, na hakujitoa. Mia moja na hamsini, hakujitoa. Mdachi akaanza kupanda kuliani. Wannes akainuka juu ya pedali, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu akiwa na miaka kumi na tisa, akavuka mstari akiwa amemzidi Mdachi kwa nusu gurudumu. Lander alionekana mbali nyuma, ameketi wima juu ya tandiko, na wengine wanampita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe.

Wannes hakuinua mikono. Aliinamisha kichwa kwenye usukani.

Na katika Baa ya Kinu, Godelieve, hakuna aliyesema neno. Watu sabini. Nilisikia friji ya Rosanne ikinguruma.

"Yuko wima?" Marleen akauliza, macho mezani.

"Yuko wima," Firmin akasema.

"Wa ngapi?"

Aliyejibu alikuwa Gilbert, kutoka dirishani, bila kupaza sauti.

"Wa kwanza, Marleen. Mwanao ni wa kwanza. Wangu yuko kule nyuma anauliza njia ya kwenda nyumbani."

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Sitakuandikia yote. Upande wa dirisha walisema mtu hulishwa miaka tisa mezani, kisha huondoka na meza. Upande wetu walisema huenda Lander alichoka, na wenzao wakauliza ni lini Lander alichoka kwa mita mia tatu. Kisha mzee mmoja wa Hulsterhout, mwenye miaka yangu na kumbukumbu yangu, akasema kwa utulivu kabisa:

"Ni damu ya Achiel hiyo, wala haichuji. Mpeni na paja la nguruwe."

Wengine walicheka. Marleen aliinua uso. Yeye aliolewa katika ukoo huu miaka kumi baada ya picha kugeuzwa tena, lakini kisa hicho alikabidhiwa pamoja na vyombo vya jikoni. Anajua kilichompata baba mkwe wake. Anajua pia kwamba mkataba wa Wannes unaisha Oktoba, na kwamba mkata upepo aliyemwibia mtu wake hapewi kazi na timu hiyo wala nyingine. Nani atamweka mbele yake mtu asiyejitoa?

Firmin akainuka. Nilidhani anakwenda kumjibu yule mzee. Kumbe anakwenda ukutani. Nikamshika mkono, nikamwambia asubiri tuone picha zilizopigwa kutoka juu.

"Omer, tukisubiri watageuza wao," akaniambia. "Aibu yetu tuishike kwa mikono yetu."

Akaitoa picha ya Wannes kwenye msumari, akaigeuza, akaitundika. Kadi ya nyuma bado ni nyeupe, picha ina miaka tisa tu. Firmin alimnunulia mtoto yule baiskeli yake ya kwanza ya mashindano. Aliporudi kuketi, akaificha mikono chini ya meza. Dakika tano zilikuwa hazijatimia tangu ushindi wa kwanza wa maisha ya Wannes.

Marleen alivua skafu yenye jina la mwanawe, akaikunja mara nne kama taulo, akaitia kwenye mkoba na kufunga zipu.

Simu yangu ikalia. Ni gazeti. Nimestaafu, lakini mashindano yakiwa ya mtaa huu bado huniomba mistari arobaini. Binti wa dawati la michezo alikuwa na haraka.

"Mzee Omer, ni wizi au si wizi? Nahitaji kichwa cha habari."

Nikamwambia sijui. Akasema mtu aliyeandika miaka hamsini na mitano hawezi kusema hajui. Nikamwambia hicho ndicho kitu pekee miaka hamsini na mitano ilichonifundisha kusema. Akacheka kidogo, akanipa mpaka saa kumi na mbili.

Nikamwomba Rosanne arudishe nyuma mashine ya televisheni. Siku hizi inawezekana. Unabonyeza, na mbio zinarudi zilikotoka. Tulitazama kona ile kutoka kwenye helikopta, polepole, mara nne. Mara ya tatu nikaona miguu ya Lander: inazunguka upesi mno, bila uzito, kama ya mtoto aliyening'inia kwenye kiti kirefu. Nikasema cheni yake imechomoka. Firmin akaja karibu na kioo. Upande wa dirisha nao wakaja, kwa kuwa hawa ni watu wanaojua baiskeli kuliko wanavyojua wake zao, na wote wakakubali: cheni imechomoka.

Lakini hilo halikumaliza jambo. Mdomo wa Lander ulikuwa wazi. Alikuwa anapiga kelele. Swali likawa anasema nini.

"Anamwambia angoje," Gilbert akasema. "Cheni ingerudi. Mita mia tatu zilikuwa bado zipo."

Huenda. Kutoka juu, neno "ngoja" na neno "nenda" ni shimo jeusi lilelile. Na kama alisema angoje, basi kosa la Wannes lilikuwa baya kuliko la babu yake, kwani Achiel angalau alimruka mtu aliyekuwa na cheni.

Kisha wakamwonyesha Wannes. Wamemvisha kofia ya mdhamini, uso umejaa tope, macho mekundu. Mwandishi akamuuliza anajisikiaje. Akasema yuko salama. Akamuuliza kama ulikuwa mpango wa timu. Wannes akatazama pembeni kwa muda mrefu kupita kiasi.

"Muulizeni Lander," akasema, akaondoka.

Nilimhurumia, lakini kwa kazi yangu nimesikia watu wengi wenye hatia wakijibu hivyohivyo. Baa nzima ilisikia nilivyosikia. Marleen aliuliza koti lake liko wapi. Rosanne alijifanya halioni, akamletea supu ambayo hakuiagiza.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini na saba simu ya Gilbert ilipolia. Lander humpigia baba yake baada ya kila mbio, akiwa ndani ya basi la timu, akishinda akishindwa. Kwa kawaida Gilbert hutoka nje. Safari hii hakutoka. Alisimama palepale kwenye kaunta, kofia chini ya kwapa, na watu wote wakamtazama mdomo.

"Ndiyo," akasema. Kisha akasikiliza. "Ndiyo." Akasikiliza tena, muda mrefu. "Mwanangu, una hakika?" Mwishoni akasema, "Kula kwanza," akakata simu.

Alivuka baa, kutoka upande wao mpaka upande wetu, na watu wakasogeza viti. Akafika ukutani, akaishika picha ya Wannes kwa mikono yake ya mwenye bucha, akaigeuza. Aliitundika imepinda. Ndipo akamgeukia Marleen, si Firmin wala mimi.

"Cheni ilichomoka kwenye kona," akasema. "Akampigia kelele aende. Wannes hakwenda. Akachungulia nyuma, akapunguza. Lander ikabidi apige kelele mara ya pili, na amwite kwa jina." Akavuta pumzi. "Anasema asingemwita, mtoto yule angemsubiri mpaka kesho."

Marleen akauliza kama amesema hivyo kweli. Gilbert akajibu kwamba amesema hivyo, na amesema pia kwamba baba yake ni punda kwa kumshuku Wannes, bila kujua kuwa tumeigeuza picha.

Sijui nikueleze vipi kilichofuata. Haikuwa shangwe. Kwanza ilikuwa pumzi, kama kundi la watu waliobeba kabati zito ngazini na mtu amewaambia sasa mnaweza kuliweka chini. Firmin alilia waziwazi na hakuificha mikono tena. Yule mzee wa Hulsterhout aliagiza bia kwa meza yetu, akaileta mwenyewe, akimwaga nusu, na akamwambia Marleen kwamba ulimi wake una miaka sabini na sita lakini bado haujapata akili. Marleen akamwambia aketi, anamzibia joto la jiko.

Kisha mtu mmoja, nadhani Rosanne, akasema kwamba hatujamshangilia.

Ilikuwa kweli. Mbio zimekwisha nusu saa nzima, jukwaa linabomolewa, na sisi mashabiki wa mshindi hatujafungua mdomo. Rosanne akachukua kile kibonyezo, akarudisha mpaka kilomita tatu za mwisho. Watu wakarudi kwenye nafasi zao. Gilbert akaenda dirishani, akasimama, akashika kofia. Hakuna aliyecheka. Tukatazama kana kwamba hatujui.

Na hapo nikaona jambo ambalo sijaliona kwa miaka minne. Marleen aligeuza kiti chake. Alikitazamisha televisheni, akaitoa skafu mkobani, akaivaa, na akatazama. Alitazama kilomita zote tatu, macho hayakupepesa, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba mtoto atafika wima. Zilipobaki mita mia mbili akainuka. Mia moja, akaanza kupiga meza kwa kiganja. Wannes alipovuka mstari, baa ilipasuka. Kelele zilisikika mpaka kwa padri, naye akaja kuuliza ni nani mwingine ameshinda, maana aliyasikia matokeo redioni kitambo. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Gilbert. Leo bado hana sauti, anauza nyama kwa ishara.

Geert alipiga simu kutoka Bordeaux. Alikuwa amesikia redioni matokeo tu, kisha wimbo. Aliegesha lori kando ya barabara kuu, hajui aimbe au ajifiche. Marleen alimweleza yote kwa maneno machache sana, akamwambia aendeshe taratibu.

Mistari yangu arobaini niliituma saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Niliandika cheni, kelele mbili, na nusu gurudumu. Habari ya picha sikuiandika. Si kwa kuificha. Ni jambo la ukuta wetu, na wa Brussels wasingelielewa.

Jana Jumatatu asubuhi Marleen alikuta paja zima la nguruwe, la kukausha, limefungwa kwa kamba kwenye kitasa cha mlango wake. Hakukuwa na karatasi yoyote, lakini fundo lilikuwa la mwenye bucha. Alilala mpaka saa tatu, aliniambia, na hakumbuki mara ya mwisho kufanya hivyo ilikuwa lini.

Wannes alifika kwa Rosanne mchana, kwa baiskeli, amelowa chapachapa. Siku moja baada ya kushinda, na ameshaendesha saa mbili kwenye mvua, eti miguu isikakamae. Firmin hakumwacha hata avue kofia. Alimwambia yeye ndiye aliyemgeuza, si mtu mwingine, na kama anataka mwenyekiti mpya yuko tayari kujiuzulu.

"Ulifanya sawa, Mzee Firmin," Wannes akamwambia. "Mimi mwenyewe ningejigeuza. Mpaka Lander aliponifikia na kunikumbatia sikujua nilikuwa nimefanya nini."

Akaiangalia picha iliyopinda, akaiacha vilevile.

Timu imeshamwita. Alhamisi atatia saini miaka miwili mingine. Wamemuuliza kama sasa anataka nafasi ya kujaribu kushinda mwenyewe, akasema hapana, anataka kumvuta Lander, ila wamtafutie fundi wa cheni. Nilipiga simu kwa mkuu wa timu kuhakikisha. Ni kweli.

Tulipobaki wawili nikamuuliza swali ambalo mwandishi hulibakiza mwisho. Nilitaka kujua kwa nini hakuisikia ile kelele ya kwanza. Upepo? Watu?

"Niliisikia vizuri sana, Babu," akasema. "Nilidhani ni mimi."

Akazungusha kikombe cha kahawa. Kisha akaniambia kwamba kwa miaka tisa, kila zinapobaki mita mia tatu, kuna sauti kichwani mwake inayomwambia aende. Inamjia kila mbio, haikosi. Amejifunza kuiacha iseme na asiitii, kama mtu aishivyo jirani na reli. Jumapili ilisema kama kawaida, naye akaipuuza kama kawaida. Ya pili ndiyo iliyomshtua, kwa sababu ilimwita Wannes, na ile ya kichwani haijawahi kumwita kwa jina.

Alimaliza kahawa yake, akavaa glavu zenye maji, akaenda nyumbani kwa mama yake kula.

Hilo pia sikuliandika gazetini. Marleen nimemwambia, na wewe nakuambia.

Marleen anakusalimu sana na anauliza kama ile soda ya kuokea keki uliyomtumia ni ya hapa au ya huko, kwa sababu keki zake hazipandi. Geert anakusalimu kutoka barabarani. Rosanne na Firmin wanakukumbuka, na Gilbert anakusalimu kwa mkono, hana kingine. Nisalimie mumeo Maurits, binti yako Annick, na wajukuu wote wawili. Waambie wana binamu aliye wima.

Mungu akulinde wewe na nyonga yako, akupe majira ya kuchipua yenye jua, na akukatie upepo kila unapotoka nje.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda jinsi ninavyoweza, yaani kwa barua,

Omer Lagrou